Embe Lisilohitaji Kisu

Mpendwa mama mkwe,

Shikamoo, huko ulikopumzika. Hapa Makumira vuli imekatika, maembe yameiva, na nzi ni wa kutafuta.

Unakumbuka aibu ile? Mchungaji alikuja kutusalimu, ukampasulia embe kubwa kuliko yote, funza wakarukaruka sahanini. Yeye alicheka. Wewe hukucheka. Kesho yake ukaazima shoka, ukasema miembe yote sita ikatwe, ipandwe kahawa kama alivyotaka bwana shamba wa Mwingereza. Miembe uliyoipanda mwaka uliomzaa mume wangu! Niliumia, mama.

Nami nilikuwa nimeona jambo, ila nani anamsahihisha mama mkwe? Wakati wa baridi, Juni na Julai, nzi wanaotaga kwenye matunda hawaonekani. Vuli ikianza, mapera yakiiva, wanajitokeza mmoja mmoja. Ikifika Januari, maembe yakidondoka, hata mlango huwezi kuacha wazi. Na walikuwa wakitoka kwenye migomba yetu. Ndiko ulikonifundisha kumwaga kila kitu kiwe mbolea: maganda, majivu, samadi, na matunda yaliyooza. Sisi Wameru na migomba yetu! Tulikuwa tunawalea wenyewe.

Nikakuletea udongo wa pale kwenye ungo. Ukauchambua kwa kidole, ukaona vidude vya kahawia mfano wa punje za ngano. Nikakueleza kwamba funza hujifungia humo, kisha hutoka nzi. Ukaendelea kuchambua mpaka chai yako ikapoa.

"Msimu mmoja tu," ukasema. "Wakijaa tena, shoka."

Basi tukaokota matunda yaliyodondoka kila asubuhi, kuanzia pera la kwanza. Mabovu tuliyachemsha kwenye debe ili funza wafe, tukawapa ng'ombe. Ulilalamikia mgongo, ukalalamikia kuni, ukanilalamikia mimi, lakini kwa kuokota ulinishinda. Januari nzi walikuja wachache. Shoka ukalirudisha mwenyewe, na kwa majirani ukatamba kwamba ulijua siku nyingi. Nilicheka jikoni peke yangu. Nakupenda hata kwa hilo.

Jana mchungaji yule yule alipita, sasa anatembelea mkongojo. Nikampa embe zima. Akaulizia kisu, nadhani alikumbuka.

"Baba mchungaji," nikamwambia, "hapa kwa mama siku hizi embe linang'atwa tu."

Akanitazama, akang'ata. Maji yakamtiririka mpaka kwenye kola, naye hakuacha mpaka akafika kwenye kokwa. Kisha akaomba la pili.

Pumzika, mama. Miembe yote sita imesimama.

Mimi mkweo,
Mama Anaeli