Wananitaka Nilie Jukwaani, Nami Kicheko Kimenibana

Shangazi mpendwa wa gazeti letu,

Nijibu kabla ya Alhamisi nakusihi, maana Alhamisi ndiyo siku yenyewe, na sisi huku ukurasa wako tunausoma kwa sauti saa ya chakula, msomaji ni dada anayekunja foronya, kwa hiyo hata ukinigombeza nitagombezwa mbele ya watu thelathini na wawili, lakini sijali, nigombeze tu.

Mimi ni mama wa watoto wawili wakubwa, mmoja fundi bomba na mwingine mshonaji, mume wangu ni fundi mwashi, nami nafua na kukunja shuka na taulo katika chumba cha chini kabisa cha hoteli moja kubwa, huu mwaka wa tisa. Wenzangu wananiita Mama Kicheko. Shangazi, sitii chumvi, mimi hucheka mpaka msibani, siku tulipomzika mjomba wa mume wangu ilibidi nitolewe nje nimejifunika uso, watu wakadhani nalia, wakaniletea maji.

Sasa sikiliza kisa. Miaka minne iliyopita niliumwa jino, gego la chini upande wa kushoto, shavu limevimba kama nimeficha yai, nikaenda kliniki ya umma nikapanga foleni tangu asubuhi, kumbe daktari wa meno hayupo, aliondolewa tangu bajeti ilipokatwa, nami sina habari, nimekaa kwenye benchi nimeshika shavu na machozi yananitiririka. Akapita mpiga picha mwenye kamera kubwa, akanipiga, mwenzake akaniuliza, "Mama, unawaza nini?" nami siwezi hata kufungua mdomo, nikampungia mkono aondoke. Basi, ni hivyo tu. Jino lenyewe nilikuja kung'olewa wiki iliyofuata, wenzangu wa kufulia walichanga, na Pasi, huyu ni bwana anayeendesha mashine ya kunyoosha shuka na ndiye msemaji wetu, akanipeleka kwa daktari wa kulipia akanishika mkono, nikatoka na pengo langu na furaha yangu.

Kumbe picha imezunguka dunia! Taasisi ya bwana mmoja tajiri, wale matajiri ambao mali zao huwezi kuzitaja kwa pumzi moja, imenibandika kwenye mabango ya viwanja vya ndege, na chini yake imeandikwa eti nimesema, "Naota siku moja wanangu wasome." Shangazi, wanangu walikuwa wamemaliza shule zamani! Yule wa mabomba alikuwa na ndevu!

Mwezi uliopita wakanipata. Akaja dada mmoja wa taasisi, mpole, ananukia, kishikwambi hakimtoki mkononi, nasi tukampa jina la Dada Kishikwambi. Akasema mama tumekutafuta sana, kuna mkutano mkubwa wa kumaliza umaskini duniani, watakuja mawaziri, wakuu wa mabenki, matajiri wenye ndege zao wenyewe, nawe utakaa jukwaani karibu na tajiri wetu, utalia kidogo, utasema asante, naye atakukabidhi nyumba ya vyumba viwili mbele ya kamera. Nikamuuliza mkutano utakuwa wapi, akataja hoteli yangu! Yaani wao watakaa juu wanazungumzia umaskini na mimi chini nafua shuka zao, miaka tisa sijapanda lifti ya wageni hata siku moja, na sasa nitaipanda ili niende nikawe maskini. Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Akaniletea na gauni la kuvaa siku hiyo, limechanika begani na limejaa madoa. Nikaenda nalo nyumbani, na kwa mazoea ya kazi sikufikiri mara mbili, nikaliloweka, nikatoa madoa, nikashona bega, nikalitia wanga na kulipiga pasi mpaka likasimama lenyewe, nikamrudishia nikijua nimemfanyia hisani. Dada Kishikwambi alipolikunjua nusura azirai. Kumbe madoa yale aliyatengeneza fundi wa mavazi, kwa chai, siku mbili nzima! Nikamwambia, "Pole dada yangu, doa la chai linatoka kwa siki, mbona hukuniuliza?" Mazoezi ya kulia nayo hayaendi. Wamenipitishia kitunguu machoni, nimepiga chafya, wamenionyesha ile picha yangu nimeshika shavu, hapo ndipo nikaharibika kabisa, nikalikumbuka gego, nikacheka mpaka mpiga kamera naye akaweka kamera chini akacheka.

Ingekuwa ni hayo tu nisingekuandikia, ningejikaza. Lakini wamenipa fulana ya taasisi, na kifuani kuna kobe. Kobe yule yule! Miaka tisa nakunja taulo zenye kobe kwenye pembe, na sheria ni kwamba kobe atazame juu, akitazama chini msimamizi anakurudishia furushi zima ulikunje upya. Nikamshushia Pasi ile fulana, tukaiweka juu ya taulo, kobe kwa kobe, wenzangu wote wakaacha mashine wakaja kutazama. Maana siku zote tukidai glavu ili dawa ya kung'arisha isituchubue mikono, tukidai mikataba ya kueleweka, tunaambiwa sisi si watu wa hoteli, sisi ni watu wa wakala, ukimfuata wakala anasema mwenye hoteli ndiye anayebana, na mwenye hoteli hatumjui hata kwa sura. Kumbe ni huyu huyu anayetaka kunifuta machozi.

Wenzangu wameamua Alhamisi hiyo hiyo wazime mashine na kuketi chini mpaka mtu aje azungumze nao. Pasi ananiambia, "Dada, sisi huku hakuna atakayetuona. Wewe una maikrofoni dakika mbili." Mume wangu naye ameshaanza kupima mahali pa kitanda katika nyumba ambayo hajaiona hata paa, ananiambia, "Mama watoto, lia dakika mbili tu tupate nyumba. Siku ya harusi yetu ulilia saa nzima na hukupewa kitu." Hajui kwamba siku ile nilikuwa nacheka.

Tena kuna karatasi ya kutia sahihi. Binti yangu amenisomea, inasema nitakaa kwenye nyumba muda wote nitakaokuwa balozi wa taasisi, na balozi hataonekana hadharani katika hali inayopingana na picha. Nikamuuliza maana yake nini. Akasema, "Mama, maana yake usicheke nje." Shangazi, kicheko kilinikauka mdomoni, na hilo halijawahi kunitokea.

Miaka ishirini tumepanga chumba kimoja, mvua ikinyesha tunahamisha kitanda. Nyumba naitaka, sikufichi. Nikisema ukweli pale juu nyumba imekwenda, na pengine kazi yangu na za wenzangu wote. Nikilia na kusema asante, nitarudije kule chini niwatazame usoni? Na itakuwaje yote yakinishinda, nikaangua kicheko tu mbele ya mawaziri? Niambie nifanye nini, na kama unayo dawa ya kuzuia kicheko nitumie.

Mama Kicheko, chumba cha kufulia


SHANGAZI ANAJIBU

Mdogo wangu Mama Kicheko,

Barua yako nimeisomea hapa ofisini nikawa napiga meza, mhariri akaja mbio akidhani nimepata msiba. Nikamsomea habari ya gauni kutiwa wanga, na tangu hapo hajafanya kazi. Kwa hiyo kucheka nimekuruhusu. Sasa kaa vizuri, nina ugomvi nawe, na dada wa foronya apaze sauti.

Unaniomba dawa ya kuzuia kicheko. Sina, na ningekuwa nayo nisingekupa. Mwanamke mzima unaletewa karatasi ya kukukataza kucheka mlangoni pako mwenyewe, na bado unajiuliza utie sahihi au usitie? Hata mahabusu wanacheka. Hiyo si zawadi, hiyo ni rumande ya vyumba viwili. Na shemeji yangu mwashi, kwa heshima zote, aache kupima kitanda, akaulize hati ya kiwanja imeandikwa jina la nani. Kama si lako, siku utakayochekea sokoni mtatolewa nje na godoro lenu.

Kutaka nyumba sikulaumu. Ninachotaka ujiulize ni kwa nini huna. Mume anajenga nyumba za watu maisha yake yote, mke anafua miaka tisa bila kukosa siku, na mvua ikinyesha mnahamisha kitanda! Huo si uvivu wenu, wala si bahati mbaya. Jasho lenu lipo mahali, na huyo mwenye kobe anajua ni wapi. Matajiri wa namna hiyo hutembeza biashara zao nchi kwa nchi wakitafuta itakayowasamehe kodi, na serikali zetu zinasukumana foleni kuwasamehe, kila moja inataka ionekane na moyo mkubwa kuliko jirani. Kodi ikisamehewa bajeti inakatwa, bajeti ikikatwa daktari wa meno anaondoka, daktari akiondoka wewe unalia kwenye benchi, ukilia unapigwa picha, na picha inamletea tajiri sifa. Hakuna mashine huko chini kwenu inayozunguka vizuri namna hiyo, na yeye mwenyewe halowi hata kidole.

Sasa rudi kwenye barua yako, pale uliposimulia habari ya jino. Umepapitia mbio mno. Taasisi ilikupiga picha ikaenda zake. Waliochanga ukang'olewa ni watu wa foronya na wa taulo, wenye mikono iliyochubuka, na aliyekushika mkono ni Pasi. Leo wanakuomba dakika mbili. Unaniuliza utawatazamaje usoni, nami nakwambia swali hilo umekwisha lijibu kabla hujaifunga barua yako. Ulitaka tu mtu mwingine alitamke ili mumeo asikununie wewe. Haya, nimetamka mimi, aninunie mimi.

Alhamisi uende. Usisuse hata kidogo, panda hiyo lifti ya wageni na ubonyeze vitufe vyote ukipenda. Gauni la chai waachie wenyewe, vaa sare yako ya kazi iliyopigwa pasi. Karatasi yao usiitie hata nukta, sema bado inasomwa, na kwa kweli inasomwa, maana nakala mpelekee wakili wa chama cha wafanyakazi leo hii. Na Pasi asidhani watu thelathini na wawili wanatosha. Wa jikoni wana wakala, wanaotandika vyumba wana wakala, hata yule wa mlangoni mwenye kofia ana wakala. Wote waulizwe kabla ya Alhamisi, mmoja mmoja, kwa upole. Ukumbi uliojaa mawaziri, shuka mia sita chafu, na hakuna wa kuzifua wala wa kuzitandika: hapo mtasikilizwa kuliko mlivyosikilizwa miaka tisa yote.

Usiogope kwamba wakubwa watausoma ukurasa huu. Wao wanasoma ule wa hisa. Na kama Dada Kishikwambi anausoma, basi nawe dada, pole na kazi. Najua mkataba wako ni wa miezi mitatu mitatu. Chagua pa kusimama.

Jukwaani usihutubie. Wakikupa maikrofoni, toa taulo, ifungue kobe atazame juu kama sheria yenu inavyotaka, kisha muulize tajiri kwa adabu zote, "Bwana, huyu kobe ni wako?" Halafu nyamaza. Najua kunyamaza kwako ni kazi, lakini hesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Akisema ni wake, mwambie, "Basi na sisi tulio chini ni wako, tunaomba glavu na mikataba, wenzangu wanakungoja." Akisema si wake, mwombe asimame watu wamtazame kifuani, maana naye atakuwa amevaa fulana ya kobe.

Nyumba unaweza ukaikosa. Nami sikufichi, kama wewe usivyonificha. Wanaweza hata wakawatisha kwa siku kadhaa, na siku hizo zitakuwa ngumu, mtahitaji kushikana kweli kweli. Lakini mkipata mkataba wa maana, mume fundi unaye, nyumba mtajenga wenyewe, na mtacheka mpaka kwenye paa.

Bado nina jambo la kuungama. Picha yako ninayo. Niliikata kwenye jarida miaka minne iliyopita, nikaibandika kwenye kabati langu, na kila mwezi nimekuwa nikiwatumia watu wa kobe mchango wangu mdogo, eti wanao wasome. Fundi bomba mwenye ndevu! Kila asubuhi nikifungua kabati nilikuwa nakuonea huruma, nawaza mama huyu ana huzuni gani isiyoisha, kumbe ni gego, tena lilikwisha tupwa siku nyingi.

Leo nimeibandua. Mchango wa mwezi huu utamfikia Pasi, awanunulie glavu wakati mnamngoja tajiri ajibu. Mlango wa kabati sasa hauna kitu na nataka picha nyingine ya kubandika. Kwa hiyo Alhamisi, mdogo wangu, kicheko kikikujia pale juu, usikimeze. Zigeukie kamera zote, fungua mdomo, ucheke mpaka pengo lionekane.