Majina Yaliyogeuka Kijivu

Torino, 22 Januari 2023

Shikamoo Baba,

Goti linaendeleaje? Kuni zitatosha hadi Machi? Mimi mzima, ila baridi ya huku ni ya majimaji, inapenya kila nguo. Basi la vifurushi limeniletea soseji na barua yako. Dereva aliniuliza kama soseji ni za kuuza.

Umeniuliza kama jina kwenye jedwali lako la kompyuta la waumini wa kanisa linaweza kujigeuza kijivu ukiandika tarehe ya mtu kufariki, ili usilipake kwa mkono kila mkizika. Linaweza. Nimejaribu ofisini kwa majina ya kubuni, imekubali. Chagua majina yote, kuanzia A2 hadi la mwisho. Fungua sehemu ya kupaka rangi kwa masharti, chagua kutumia fomula, uandike hivi hivi:

=$C1<>""

Maana yake: kisanduku cha safu C, penye tarehe, kikiwa na kitu, jina lililo safu A lipakwe rangi. Kisha chagua kijivu. Usisahau alama ya dola, ndiyo inayoifanya mashine itazame safu C tu.

Mwanao,
Aglaia

Valea Teiului, 11 Februari 2023

Mwanangu Aglaia,

Nashukuru kusikia u mzima. Goti linauma asubuhi tu, mchana linanisahau. Kuni zipo.

Nimefanya kama ulivyoandika. Majina mia mbili na kumi na matatu, ya walio hai na wafu. Ya wafu yaligeuka mbele ya macho yangu, nikaandika kwenye shajara: "Februari 9, saa nne asubuhi, jedwali limekubali." Miaka ishirini na sita nimesoma majina ya wafu kanisani kutoka kwenye daftari lenye misalaba ya kalamu, mingine imefutika. Sasa nimechapa karatasi safi. Jumamosi ya Wafu, siku ya kuwaombea marehemu wote, ni tarehe 18, nitasoma yale ya kijivu tu.

Padre Ilarion amecheka: "Mzee Pamfil, hata wafu wamepata karani wa kisasa!" Na jirani yetu Veturia ameuliza kama mumewe Toader, tuliyemzika Oktoba, yumo. Nikamwambia yumo. Akasema, "Basi msome kwa sauti, unajua alikuwa kiziwi."

Baba yako

Valea Teiului, 25 Februari 2023

Mwanangu,

Natumaini barua hii itakukuta salama. Sijui nianzie wapi, kwa hiyo naanza na tarehe.

Tarehe 18 kanisa lilijaa. Kila nyumba ilileta sahani yake ya ngano tamu na mshumaa. Nilishika karatasi nikasoma kama ninavyosoma siku zote, jina baada ya jina. Nilipofika katikati, sauti ikatoka kwa wanawake: "Nipo hapa! We Pamfil, nipo hapa!"

Alikuwa Veturia. Nilikuwa nimemsoma yeye pamoja na wafu, amesimama na mshumaa wa mumewe mkononi. Watu wakacheka. Kisha fundi Neculai akasema, "Mbona hata mama yangu umemsoma? Nimemwacha nyumbani anakaanga vitunguu." Hapo kicheko kikakatika.

Padre alimalizia kwa daftari la zamani. Baadaye tulihesabu: watu hai thelathini na mmoja nimewaombea pumziko la milele, na wafu thelathini nimewaacha. Toader ni mmoja wa walioachwa. Veturia alikuja kumsikia mumewe, akasikia jina lake mwenyewe.

Nimemwambia Padre atafute msomaji mwingine. Nadhani nilibonyeza vibaya mahali fulani. Usihuzunike, kosa ni langu.

Baba yako

Torino, 26 Machi 2023

Shikamoo Baba,

Pole sana. Samahani nimechelewa kujibu, kazini tulikuwa tunafunga hesabu za miezi mitatu. Mimi mzima. Je, unakula vizuri? Usile mkate na chai tu kwa kisingizio cha kufunga Kwaresima.

Kuhusu mambo ya kanisani, usijitese. Mashine ni mashine, wakati mwingine hukosea. Watu watasahau.

Nimekutumia soksi za sufu na dawa ya kupaka goti.

Mwanao,
Aglaia

Valea Teiului, 9 Aprili 2023

Mwanangu Aglaia,

Soksi zimefika, zinanitosha. Mungu akuzidishie.

Watu hawajasahau. Nikiingia dukani, wanaume wanaacha bia zao. "Mzee Pamfil, hebu nitazame vizuri, niko hai au nimeshakwenda?" Nacheka nao. Wakati wa ibada nasimama uani, karibu na kengele. Veturia hatoki. Binti yake anasema ametoa nguo zake za kuzikiwa sandukuni, amezipiga pasi na kumwambia yeye azitundike mlangoni, anangoja kufa. Nimebisha kwake mara mbili. Alisema kupitia dirisha, "Wewe una nini cha kuongea na marehemu?"

Mashine haikukosea, nimeikagua mara nne. Aliyekosea ni mimi, ila sioni wapi. Wewe ni mtu wa ofisini. Naambatisha karatasi ile pamoja na picha ya skrini. Nitazamie, nijue.

Baba yako

Torino, 7 Mei 2023

Shikamoo Baba,

Sikuulizi afya leo, sina uso wa kuuliza.

Hukukosea. Uliandika nilichokuandikia. Majaribio yangu ya ofisini hayakuwa na kichwa cha jedwali, majina yalianza mstari wa kwanza. Lako linaanza wa pili. Nikakuambia uanzie A2, lakini fomula nikaiacha na C1. Kwa hiyo kila jina lilitazama tarehe ya mtu wa mstari wa juu yake. Ilipaswa kuwa =$C2<>"" basi. Wafu wa nyumba moja wanafuatana, kisha walio hai, ndiyo maana wengi walibaki kijivu na karatasi ikaonekana sawa. Aliyeachwa ni marehemu wa kwanza wa kila nyumba, isipokuwa ile ya juu kabisa iliyotazama kichwa cha jedwali, na aliyepakwa ni mtu hai anayemfuata marehemu wa mwisho.

Baba, nilijua tangu barua yako ya mwisho wa Februari. Nilifungua faili langu siku hiyo hiyo nikaona. Kisha nikakuandikia kwamba mashine hukosea. Niliogopa, kwa sababu kijijini nyote mnasema Aglaia ndiye aliyesoma. Nimekuacha usimame uani kwa ajili yangu.

Mpe Padre barua hii aisome mbele ya watu. Tafadhali.

Mwanao,
Aglaia

Valea Teiului, 4 Juni 2023

Mwanangu Aglaia,

Natumaini u mzima, na nataka uniandikie kama u mzima.

Barua yako sikumpa Padre. Nilimpelekea Veturia, pamoja na kompyuta. Nilimweleza kupitia dirisha mpaka akachoka kusimama akanifungulia. Nikarekebisha fomula mbele yake. Akaniambia, "Niandikie tarehe mimi, nione." Nikakataa. "Andika, mwoga we!" Nikaandika tarehe ya siku ile. Jina lake likageuka kijivu. Alilitazama kwa muda mrefu, akasema, "Haya, futa." Nikafuta, likawa jeupe. Akaniambia nimshushie zile nguo mlangoni, mikono yake haifiki. Jana, Jumamosi ya Wafu ya kiangazi, alikuja kanisani, na mimi nilisoma, kwa sababu yeye alimwambia Padre hataki kumsikia Toader kwa mdomo mwingine.

Sasa sikiliza. Kosa la mstari mmoja ni lako, na kunyamaza ni kwako, nimekusamehe yote mawili. Lakini usininyang'anye langu. Mimi nawajua watu hawa. Wafu wote wale nimewaimbia makaburini. Mtu anayewajua angesimama kwenye jina la kwanza la aliye hai. Mimi nilisoma rangi.

Kuna jambo sikuliandika hata kwenye shajara. Nyumba yetu imeorodheshwa hivi: babu yako Gavril, mama yako Zamfira, wewe, kisha mimi. Wewe uko chini ya mama yako. Siku ile nilisoma "Zamfira", nikasoma "Aglaia", nikaendelea. Sauti yangu haikutetereka. Nyumba saba baadaye Veturia akajiitia mwenyewe. Wewe ulikuwa Torino, na mtu pekee mle ndani ambaye angekuitia kwamba u hai nilikuwa mimi.

Jana nilipomsoma mama yako nilinyamaza. Padre akadhani nimepotea, akaninong'oneza, "Endelea, mzee." Sikuwa nimepotea. Nilihakikisha kwanza kwamba jina linalofuata si lako.

Baba yako