Matuta kwenye muchanga wa Tanga

Yaya Zaina, dada yangu mukubwa,

Salamu zitoke huku Tanga, kwenye upepo wa chumvi, zikukute na mama pale Kabambare. Shangazi niliyekuja kumuuguza anaendelea vizuri, basi kila Jumamosi ninajitolea kwenye parke moja, hifadhi ya pembeni ya bahari. Tunarudisha mimea ya asili ya pwani, ili maji yasibebe muchanga.

Leo walinipa vipande vya mumea unaotambaa. Maua yake, yaya, ni kama ya viazi vitamu vyetu kabisa! Mikono ikafanya yenyewe: nikainua matuta, nikafukia vipande vile mama alitufundisha. Kuinua kichwa, wenzangu wote wamepanda bila matuta. Mama mumoja wa parke anayetuongoza akacheka: "Dada, hii haizai viazi!" Tukasawazisha yote, ila tuta moja akaniachia.

Nilijua hamuna kiazi mule ndani ya tuta. Lakini wenzangu walipoenda kunawa, nilipiga magoti nikafukua na vidole, pole pole, vile mama anafanyaga asikwaruze kiazi.

Mukianza kuvuna, muniwekee kimoja kwenye majivu ya moto, hata kama sijafika.

Mudogo wako,
Sifa