Jina la Bibi Limepanda Ndege

Commune ya Tshopo, Kisangani
Tarehe 14 Septemba 1984

Mpendwa dada yangu mkubwa, yaya Florentine,

Nisamehe. Barua yako ilifika kabla ya Pasaka, nami najibu leo, Safi ameshaota meno manne. Sikukusahau. Kila jioni nilishika kalamu, usingizi ukanishika mimi.

Habari ya afya yako? Mguu wa shemeji umepona? Huko Lubumbashi baridi imepungua? Sisi tunapumua, tunamshukuru Mungu. Baba Safi aliangushwa na malaria mwezi wa sita, lakini sasa anakwenda tena Banalia kununua mchele.

Yaya, uliniandikia niache kupiga mashine ya kuandika pale chuo kikuu, nije kwako na mtoto nipumzike, na tiketi utatuma. Kuchoka nimechoka, sikufichi. Lakini kwanza unisikilize.

Idara yetu ya uhusiano wa kimataifa ni mpya. Mkubwa wetu ni profesa, Papa Hubert. Msaidizi wake ni Célestin, Papa Émile anazungusha roneo, mashine ya kutoa nakala, na mimi nilikuwa secrétaire, karani wa muda. Wakubwa wa serikali kule Kinshasa wasipokubali dossier yetu, yaani faili la maombi, idara haifunguliwi Oktoba, na kazi yangu inakufa nayo. Safi analala chini ya meza yangu, ndani ya katoni ya karatasi. Wanamwita Balozi. Papa Hubert akiingia anasema: "Polepole, Balozi iko katika mazungumzo."

Bon. Mwezi wa saba, siku ya Alhamisi, nilikuwa nimemaliza kupiga stensili zote, zile karatasi za nta za roneo. Ndege ya kupeleka dossier ni kesho yake asubuhi. Papa Hubert akafika kwenye ukurasa wa walimu, akaweka kidole juu ya majina. Nilikuwa nimeandika Hubert, Célestin na wenzao wote kwa majina ya ubatizo, jinsi tunavyoitana barazani! Vidole vyangu vilifuata mdomo. Na unajua serikali iliyakataza kwenye karatasi zake tangu tukiwa shuleni. Dossier ingerudishwa bila kusomwa.

Célestin akacheka: "Mama Safi, umetubatiza tena sisi wote, na hata mayi hukumwaga!" Papa Hubert hakucheka. Stensili mpya hakuna, na dawa ya kusahihishia ilikuwa imekauka chupani.

Hapo nikakumbuka ile chupa ya rangi nyekundu ya kucha uliyonitumia nilipojifungua. Nilikuwa sijaigusa, mimi na kucha wapi na wapi? Nikakimbia nyumbani, nikarudi nayo. Jina moja moja: napaka, napuliza, nangoja ikauke, napiga juu yake jina la mababu. Majina kumi na tisa. Profesa ndiye aliyembeba Safi, naye Safi akamkojolea abakosti, lile koti lake la kiserikali. Nikainuka nimpokee mtoto. Profesa akasema: "Hii ndiyo diplomasia, mama. Endelea."

Nilipomaliza akauliza: "Na jina yako iko wapi?" Nikajibu mimi ni wa muda tu. "Département bila secrétaire itatembea na muguu gani? Andika." Nikaandika Bitondo, jina la bibi yetu. Papa Émile akazungusha mashine mpaka mikono ikawa myeusi, na asubuhi dossier ikapanda ndege.

Juma lililopita jibu lilikuja. Tumekubaliwa, yaya! Na mimi si wa muda tena. Bibi hakujua kusoma hata gunia la chumvi, leo jina lake liko kabatini Kinshasa, pamoja na ya maprofesa. Nililia kidogo, halafu nikanyonyesha.

Kwa hiyo usinikasirikie. Nakupenda, lakini sitoki hapa.

Msalimie shemeji Hilaire, Élise na mchumba wake, na Mama Kadidja wa jirani. Mungu aliyenipa dada kabla sijajua kumwomba akufunike wewe na nyumba yako.

Mdogo wako asiyechoka kukupenda,
Odile

Nilisahau. Vitu ninavyohitaji bado: sufu nyeupe madonge mawili, maana Safi anakohoa asubuhi, viatu vyake namba kumi na nane, sabuni ya kipande, vitatu ikiwezekana, utepe mmoja wa mashine, mweusi mtupu, na chupa nyingine ya rangi ya kucha, nyekundu ileile. Tiketi, hapana.