Karata za Mchana Kutwa

Mbotela, 9 Agosti 1997

Mpendwa dada Kageha,

Mimi ni mzima, ila baridi ya huku ni kali. Shemeji yako Opicho alileta kompyuta kuukuu kutoka kazini, nami hushinda nikicheza karata humo peke yangu. Ni mchezo mgumu. Miezi mitatu nimekuwa nikishindwa tu. Leo nimefaulu! Nikapiga kelele hadi jirani yangu Benta akaja mlangoni.

"Muhonja, kumbe uko? Mzee wako alisema ulienda nyumbani."

"Niko."

"Basi fungua."

Nikausogelea mlango. Halafu nikamwambia ukweli: mume wangu hunifungia kwa nje kila asubuhi.

Benta analia hapo nje, akingoja nimpitishie barua hii chini ya mlango aipeleke posta. Njoo na kaka Mulongo. Mje mchana.

Mdogo wako,
Muhonja