Tuzo ya Koo Langu

Jumatatu, 4 Novemba

Filamu aliyoitengeneza mdogo wangu kunihusu imeingia fainali! Tuzo za kimataifa za vipindi vya sanaa kwenye televisheni! Mdogo wangu kaingia mbio na viatu mpaka kwenye zulia, kaninyanyua kama gunia. Nikataka kupiga kelele — kikatoka kikohozi. Tangu wanitoe uvimbe kooni sina sauti. Mimi, niliyeimba majukwaani nusu ya umri wangu! Nikamwandikia kwenye kibao: Kile kipande umekitoa? Kile ambamo najaribu kuimba, unatoka mlio wa bawaba kavu, naangua kilio.

“Dada jamani! Nilishakitoa zamani.”

Alhamisi, 7 Novemba

Mdogo wangu kanichukulia majibu ya vipimo hospitali, eti nisihangaike. Safi kabisa, kasema. Na kwenye sherehe nakwenda naye! Wifi anasema gauni la bluu linanikondesha. Si gauni, wifi.

Jumapili, 17 Novemba

Hoteli ya ughaibuni. Lifti ina kioo pande zote, hakuna pa kujificha. Wageni wananishika mkono kwa mikono miwili, wananitazama kama wanaaga maiti. Nikadhani ndiyo adabu yao.

Jumatano, 20 Novemba

Kakionyesha. Kipande chenyewe, mdomo wangu mkubwa kama mlango. Ule mlio ukajaa ukumbi mzima. Watu wanapangusa machozi. Tukashinda!

Mdogo wangu akapanda jukwaani, akahutubia kwa lugha yao. Mimi na kidude cha mkalimani sikioni. Mkalimani ana sauti tulivu, kama anasoma hali ya hewa: “Majuzi daktari aliniambia ugonjwa umerudi. Dada yangu hatamaliza mwaka. Tuzo hii ni yake.”

Ndivyo nilivyoambiwa.

Ukumbi ukasimama, ukanigeukia. Makofi. Kamera puani. Nami, punguani — nikatabasamu. Nikainama kidogo, hata.

Nyuma ya pazia bosi wa kituo chetu cha televisheni kamkumbatia mdogo wangu. Sehemu ya pili ya filamu imekubaliwa, kasema, ila ianze haraka, maana… Akaniona. Akakohoa.

“Nitaongea naye,” mdogo wangu akamjibu.

Nimejifungia chumbani. Anagonga.

“Dada, fungua. Tuongee, mimi na wewe tu.”

Nimechungulia kwenye tundu. Macho yamemvimba, analia kweli, si mchezo. Nyuma yake mpiga picha, kamera begani, kitaa chekundu kinawaka.

Anagonga tena. Asubiri! Wanja umechuruzika mpaka mashavuni — siwezi kutokea hivi —