Manowari Isiyorudi na Habari za Hamisi

Point, Durban

Mama yangu,

Shikamoo. Mguu unasemaje siku hizi? Mimi mwilini sijambo, ila moyoni sina raha, na leo nitakwambia kwa nini.

Kazi bado ni ileile ya kufagia jumba la makumbusho hapa bandarini. Mwezi huu wamenipa pia kufuta vumbi mfano wa manowari ya kale ya matanga. Ilikuwa ya Wafaransa, Waingereza wakaiteka vitani, wakaibadilisha jina na kuijaza mabaharia wao. Ikitoka India pamoja na meli nyingine, dhoruba ikaikuta bahari ya huku. Jioni wenzake waliiona imelala upande, inaingiza maji. Asubuhi haipo. Lakini manahodha wa meli zile nyingine walipofika kwao walisema labda imetia nanga mahali inatengenezwa. Wake za mabaharia wakangoja miaka.

Nilimwuliza mlinzi wetu, Mzee Kasongo, Mkongomani, kwa nini watu wazima waseme uongo vile. Akanijibu, “Walisikia haya ya kuwaacha wenzao, ndugu yangu. Lakini ule alikufa hana tena shida. Shida iko kwa mwenye anangoja.”

Ufagio ulinishinda, Mama. Nilikaa chini nikalia mbele ya wageni.

Meli ya uvuvi aliyopanda mdogo wangu Hamisi ilizama mwaka juzi. Hakupona mtu. Nilikwambia kahamia meli ya mbali, simu hazishiki, kwa sababu mimi ndiye niliyemwita huku na kumtafutia kazi ile. Maiti haikuonekana, nami nikajidanganya kwamba pasipo maiti hakuna msiba. Kila nilipokuletea salamu zake, nilizitunga mwenyewe. Uliponiambia mkewe Zuhura kamshonea kanzu ya Idi, nilisema atafurahi. Naona aibu hata kuyaandika haya.

Msomeeni khitma. Nisalimie mjomba, na shangazi aliyetulea wote wawili, naye umwombe radhi kwa niaba yangu. Maalimu wetu wa chuoni ndiye aongoze dua.

Zuhura mwambie wewe mwenyewe, usimwachie mtu. Nilikwenda kwa sheikh wa msikiti wa hapa kumwuliza aanze eda lini. Akasema eda huhesabiwa tangu siku mume alipokufa, kwa hiyo yake ilikwisha zamani, bila yeye kujua. Miaka hii yote alikuwa huru, Mama, na mimi ndiye niliyemfunga.

Mwanao mkosaji,
Rashidi